Kihami Kinene, Kona Baridi: Joto la Nyumba Mpya Linapotelea Kwenye Maungio

Anayenunua nyumba mpya Ujerumani au Uingereza siku hizi huwekewa mezani namba ya ukuta kabla hata hajaulizwa anataka vyumba vingapi. Sentimita 16 za kihami joto, wati 0.2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Muuzaji hadanganyi. Namba hiyo ni sahihi, ila ni ya katikati ya ukuta, pale pasipo na kona, dirisha, linta, slabu wala roshani. Ukiizunguka nyumba yoyote ya kawaida na futi kamba mkononi, utagundua kuwa sehemu za namna hiyo ni chache kuliko brosha inavyokufanya udhani.

Joto hutafuta njia nyepesi. Wahandisi huiita njia hiyo daraja la joto: mahali ambapo kitu kinachopitisha joto upesi kimetoboa kihami, au kimekizunguka, kikaunganisha ndani na nje. Aliyewahi kusahau kijiko cha chuma ndani ya sufuria ya uji, kisha akarudi kukishika, anaijua habari yenyewe. Mwiko wa mbao kwenye sufuria hiyohiyo haumfanyi mtu kitu. Kwa tarakimu, chuma cha ujenzi hupitisha joto kama mara 1,400 kuliko sufi ya mawe inayojazwa ukutani. Zege lenye nondo ni zaidi ya mara 60. Alumini ndiyo balaa kabisa, maana huko tunahesabu kwa maelfu. Hata mbao, ambayo mafundi wengi huihesabu kuwa salama, hupitisha karibu mara nne ya sufi.

Kwa hiyo kadiri ukuta unavyozidi kufungwa vizuri, ndivyo tundu dogo linavyozidi kuwa na uzito katika hesabu ya jumla. Nyumba ya mwaka 1960 isiyo na kihami chochote ilivuja kila mahali, na linta yake ya zege haikuwa na tofauti kubwa na matofali ya jirani. Nyumba ya leo imefungwa kila upande, na ile linta ndiyo iliyobaki wazi. Naamini nchi za baridi zimeshafika mahali ambapo kuongeza unene wa kihami kunaleta faida ndogo kwa gharama kubwa, huku maungio yakiwa hayana mwenyewe. Na hayana mwenyewe kwa sababu sheria yenyewe inamruhusu mjenzi kuyaacha.

Tuanze na roshani, kwa kuwa ndiyo inayoonekana hata na mpita njia. Slabu ya zege ya sakafu inaanzia sebuleni, inapita ukutani, inatokeza nje mita moja na nusu. Mhandisi wa miundo anaipenda: zege moja, nondo ndefu zisizokatwa, hakuna kitu cha kuanguka. Lakini kila mita moja ya urefu wa muungano huo hupitisha karibu wati 0.9 kwa kila nyuzijoto ya tofauti. Roshani ya mita 6 basi inapoteza wati 5.4, sawa na mita 27 za mraba za ule ukuta wa brosha. Ukuta wote ulio juu ya roshani hiyo, mita 6 kwa 2.5, ni mita 15 tu za mraba. Maana yake ni kwamba mstari mmoja wa zege wenye kimo cha sentimita 20 unapoteza karibu mara mbili ya ukuta mzima uliosimama juu yake. Ungeweza kuongeza kihami kwenye ukuta huo hadi kufikia nusu mita, bado roshani ingekucheka.

Dawa yake si mpya. Tangu mwaka 1983 kampuni ya Schöck ya Ujerumani inauza kitenganishi kinachoitwa Isokorb: kipande cha kihami cha sentimita kadhaa kinachowekwa kwenye mstari wa ukuta kabla zege halijamwagwa, na ndani yake zimepita nondo za chuma kisichoshika kutu, ambacho hupitisha joto kama theluthi ya chuma cha kawaida. Makampuni mengine yakafuata na aina zao. Ikiwekwa vizuri, ile 0.9 inashuka hadi karibu 0.2, na roshani yetu inakuwa sawa na mita 6 za mraba za ukuta. Kuna njia rahisi zaidi ambayo wasanifu majengo hawaipendi kwa kuwa haina mbwembwe: roshani isimame kwa nguzo zake yenyewe nje ya nyumba, ishikwe ukutani kwa nukta chache tu.

Miaka zaidi ya 25 baada ya kitenganishi hicho kuingia sokoni, Chicago ilipata jengo la Aqua, kazi ya msanifu Jeanne Gang. Lina ghorofa zaidi ya 80, na mabamba yake ya sakafu yanatokeza nje kwa umbo la mawimbi, mahali pengine hadi mita 3.7. Ni jengo zuri, sibishani na hilo. Ila mabamba yale yanatoka ndani moja kwa moja bila kukatwa na kihami, katika mji ambao Januari kipimajoto hushuka hadi nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Ukitaka kulipasha joto anga la Illinois, huo ndio mchoro wake.

Nyumba za kawaida za Marekani na Kanada hazina zege hilo, lakini zina mbao. Ukuta wao husimamishwa kwa nguzo za mbili kwa sita, kila baada ya inchi 16, na sufi hujazwa katikati. Unaponunua, unasomewa kipimo cha sufi. Hakuna anayekusomea kipimo cha nguzo, mbao za juu na chini, linta za madirisha na mbao mbilimbili za kona, ambazo kwa jumla hufikia kama robo ya eneo la ukuta. Nimeifanya hesabu kwa sufi ya milimita 140: robo ile ya mbao inapitisha karibu nusu ya joto lote linalotoka kwenye ukuta. Jumla inakuwa wati 0.33, ilhali ile sehemu yenye sufi peke yake ni 0.23.

Hapo ndipo penye uamuzi wa maana. Tuseme una hela ya kuongeza milimita 50 za kihami. Ukizitia katikati ya nguzo, yaani ukanunua nguzo pana zaidi na kujaza sufi zaidi, unafika 0.26. Ukizibandika nje ya nguzo, zikafunika mbao zote bila kukatika, unafika 0.22. Kihami ni kilekile, tofauti ni mahali kilipokaa. Nguzo za chuma chembamba ndizo hatari zaidi; katika majedwali ya Marekani, ukuta wenye sufi ya R-13 (R ni kipimo cha Marekani cha uwezo wa kuzuia joto) kati ya nguzo za chuma za inchi nne huhesabiwa kama R-6, chini ya nusu ya kilicholipiwa. Kiwango cha 90.1 cha mwaka 2022 cha ASHRAE, jumuiya ya Marekani ya wahandisi wa joto na viyoyozi, ndicho cha kwanza katika mfululizo wake kudai madaraja ya joto yahesabiwe waziwazi, lakini kiwango hicho hakihusu nyumba za familia moja, yaani zile ambazo watu wengi wananunua.

Mpaka hapa nimezungumzia bili. Kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko bili, nalo ni kuvu.

Kiwango cha Ujerumani, DIN 4108-2, kinasema hivi: ndani kukiwa na nyuzijoto 20 na nje zikiwa 5 chini ya sifuri, uso wa kona yoyote ya ndani usishuke chini ya nyuzijoto 12.6. Namba hiyo ina sababu. Hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 50, hali ya kawaida tu ya chumba chenye watu, ikigusa uso wa nyuzijoto 12.6, unyevu wake pale usoni unapanda hadi asilimia 80. Maji hayajaonekana bado. Umande kwa hewa hiyo unaanza kwenye nyuzijoto 9.3. Lakini kuvu haisubiri maji. Asilimia 80 kwa siku kadhaa mfululizo inaitosha kuota. Ndiyo maana mwenye nyumba anaweza kupapasa kona akaiona kavu, na mwezi mmoja baadaye akakuta madoa meusi.

Kona ya nje ya nyumba ni daraja la joto hata ikijengwa bila chuma wala zege, kwa umbo lake tu. Upande wa ndani kuna uso mdogo unaopokea joto la chumba, upande wa nje kuna uso mpana unaolitoa. Ongeza hapo nguzo ya zege iliyofichwa ndani ya ukuta, kisha sukumia kabati la nguo kwenye kona hiyo. Kabati linazuia hewa ya joto kuzunguka, uso wa nyuma yake unapoa kwa nyuzijoto kadhaa zaidi, na mashati yanaanza kunuka uvundo. Sentimita 10 za nafasi kati ya kabati na ukuta husaidia sana, lakini huo ni ushauri wa kuishi na kosa la mtu mwingine.

Na mara nyingi anayelaumiwa ni mpangaji. Anaambiwa anapika sana, anaanika nguo ndani, haachi dirisha wazi. Wahamiaji wanayajua maneno haya kuliko wenyeji. Desemba 2020 huko Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak alifariki akiwa na umri wa miaka miwili, na uchunguzi wa kifo chake uliohitimishwa Novemba 2022 ukathibitisha kuwa chanzo ni kukaa muda mrefu katika flati yenye kuvu. Wazazi wake, waliotoka Sudan, walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu. Flati ile haikuwa mpya, na kasoro iliyotajwa ilikuwa ya uingizaji hewa, kwa hiyo siwezi kuibebesha madaraja ya joto. Ila ilibadilisha sheria ya nyumba za kupangisha za jamii mwaka 2023, na ikaua ule utetezi wa kusema kuvu ni tabia ya mpangaji. Anayejenga nyumba mpya leo yenye kona ya nyuzijoto 10 hana pa kujificha.

Sasa turudi kwenye sheria. Ujerumani, nchi inayosifiwa kwa ukali wake katika mambo haya, inampa mjenzi uchaguzi. Asipotaka kushughulika na maungio, anaongeza tu 0.10 kwenye kipimo cha kila mita ya mraba ya ganda lote la nyumba, kazi imekwisha. Akifuata michoro ya mfano iliyochapishwa kama nyongeza ya DIN 4108, anaongeza 0.05. Akifuata michoro bora zaidi ya nyongeza hiyohiyo, 0.03. Au akokotoe kila muungano mmoja mmoja. Uingereza nayo ina kiwango chake cha jumla kwa asiyechora, na ni kikali zaidi, 0.20.

Tazama ukubwa wa namba hizi. Nyumba yenye ganda la mita 400 za mraba, ukihesabu kuta, paa na sakafu, ikiongezewa 0.10 inabeba wati 40 za hasara kwa kila nyuzijoto. Kuta zake zote, mita 150 za mraba kwa 0.2, zinapoteza wati 30. Yaani posho ya maungio ni kubwa kuliko kuta zenyewe! Kushuka kutoka 0.10 hadi 0.03 kunaokoa wati 28, ambazo katika majira ya baridi ya Ujerumani ni kama kilowati-saa 2,000 za joto kwa mwaka. Kuongeza kihami cha ukuta kutoka sentimita 16 hadi 20, jambo ambalo wateja hulilipia bila kunung'unika, kunaokoa wati 5.6.

Ni kweli kwamba 0.10 ni makadirio, na nyumba fulani iliyojengwa na fundi makini inaweza kupoteza chini ya hapo bila mchoro wowote. Hilo halinipi faraja. Kinachonisumbua ni kwamba namba ya jumla inageuza kasoro ya ujenzi kuwa mstari kwenye jedwali. Mkandarasi anajaza 0.10, kisha anafidia kwa pampu kubwa ya joto au paneli za jua juu ya paa, na hesabu ya nishati inafaulu. Kona inabaki na baridi yake. Paneli za jua hazipashi joto nyuma ya kabati.

Mwenye kosa hapa si fundi, ingawa yeye ndiye anayetukanwa. Angalia muungano wa ukuta na sakafu ya chini. Kihami cha sakafu kinalala juu ya jamvi, kihami cha ukuta kinabandikwa nje, na kati yao imesimama safu ya kwanza ya bloku, mguu wake ukiwa kwenye zege baridi na kichwa chake kikiwa chumbani. Dawa ni safu hiyo moja tu ijengwe kwa bloku ya zege lenye mapovu au ya kioo povu, ambayo inabeba uzito huku ikipitisha joto kidogo. Ni bloku chache kwa nyumba nzima. Lakini anayejenga safu ya kwanza anafika wiki nyingi kabla ya fundi wa kihami, na akifika anakuta mchoro unaoonyesha ukuta kama mistari miwili na neno "bloku". Anajenga kwa bloku zilizoshushwa na lori. Fundi wa kihami akija, kosa limeshafunikwa kwa tani nyingi za ukuta na paa, na halirekebishiki tena kwa fedha ambayo mtu wa kawaida anayo.

Dirisha ni hivyohivyo. Likikaa kwenye mstari wa kihami, na kihami kikafunika fremu kwa sentimita tatu au nne, hasara ya ukingoni inakaribia kutoweka. Likirudishwa ndani kwenye mstari wa bloku, kama ilivyozoeleka, bloku iliyo wazi pembeni mwa fremu inakuwa njia. Bei ya dirisha haibadiliki. Kinachobadilika ni mabano ya kulishikilia na saa chache za kazi.

Haya yote yanajulikana tangu Oktoba 1991, familia zilipohamia katika nyumba nne zilizoungana huko Kranichstein, Darmstadt, zilizobuniwa chini ya mwanafizikia Wolfgang Feist. Kuta zake ni bloku za chokaa na mchanga zilizovishwa povu la milimita 275. Watu hukumbuka unene huo wa povu. Mimi nadhani fundisho lake ni jingine: maungio yalichorwa yote kabla ya kujengwa. Kiwango cha Passivhaus, yaani nyumba inayohitaji joto kidogo sana, kilichotokana na kazi hiyo kinahesabu muungano kuwa hauna daraja la joto ukipitisha si zaidi ya wati 0.01 kwa mita kwa nyuzijoto, kwa vipimo vya nje. Jaribio lake linafanyika kwa kalamu: chora mstari wa kihami kuzunguka mchoro wa nyumba nzima bila kuinua mkono. Ukilazimika kuinua, umelipata daraja, na bado ni karatasi tu.

Wapo wanaosema kazi hii ya michoro inapandisha gharama wakati watu hawana nyumba. Kwa nyumba moja ya kipekee iliyobuniwa na msanifu mmoja, wana hoja; kukokotoa kila muungano ni siku kadhaa za mtu anayelipwa vizuri. Lakini nyumba nyingi mpya Ulaya na Amerika ya Kaskazini hujengwa na makampuni yanayorudia mchoro uleule mara mamia. Kuchora muungano mara moja na kuutumia mara 300 si gharama ya kulalamikia. Kwa makampuni hayo ningefuta kabisa ruhusa ya namba ya jumla. Anayejenga moja aachiwe, ila ailipie zaidi ya 0.10.

Msomaji wa Moshi au Limuru atauliza haya yanamhusu nini. Kwa nyumba isiyo na hita, si sana. Jiko likizimwa, ndani na nje vinakaribiana. Lakini penye kiyoyozi fizikia inageuka mwelekeo tu. Roshani za magorofa mapya ya Dar es Salaam na Mombasa zinaingiza joto ndani kwa njia ileile zinayolitolea nje kule Chicago, ingawa tofauti ya nyuzijoto ni ndogo na hasara ni ndogo vilevile. Ghuba ni habari nyingine: nje 45, ndani 22, miezi mfululizo. Kanuni za majengo ya kijani za Dubai zinadai madaraja ya joto yaondolewe au yavishwe kihami katika majengo mapya yenye viyoyozi. Na waliojenga vyumba vya ubaridi vya samaki Mwanza au vya maua Naivasha wanajua paneli zikishaungana vizuri, ugomvi unabaki kwenye sakafu na fremu ya mlango.

Uingereza imeanza kufanya jambo moja ambalo ningependa liigwe. Kanuni zake za nishati zilizoanza kutumika Juni 2022 zinataka kila nyumba mpya ipigwe picha hatua kwa hatua kabla kazi haijafunikwa: ukingo wa msingi, muungano wa ukuta na paa, pembeni mwa madirisha. Picha zinapelekwa kwa mkaguzi wa nishati na wa ujenzi, na mwenye nyumba ana haki ya kupewa. Anayenunua nyumba mpya huko aziombe kabla ya kulipa, aanze na ile ya ukingo wa msingi kabla udongo haujarudishiwa. Muuzaji akisema hazipo, ajue kipande hicho cha nyumba hakuna aliyekikagua.